Ukinukuu barua ya mtu yenye makosa: unaweka [sic], unarekebisha kimyakimya, au unaacha?

#1 Shubaka
Habari wakuu. Niko kwenye tasnifu ya uzamili, naandika kwa Kiswahili. Data yangu ni barua 31 ambazo wakulima wa bonde la Rufiji waliwaandikia viongozi wa kijiji na wilaya baada ya Operesheni Vijiji (watu walipohamishiwa vijiji vya pamoja), kati ya 1975 na 1983. Zote za mkono, na nyingi ziliandikwa na watu waliojifunza kusoma ukubwani.

Msimamizi wangu amenirudishia sura ya nne. Kila penye kosa ndani ya nukuu ameandika pembeni "weka [sic]", ile alama ya kusema neno limo hivyo kwenye asili. Nimeweka. Ukurasa mmoja tu una [sic] 14. Angalieni sentensi hii:

"Naomba mnirudishie ngwe [sic] yangu ya mtoni maana pale ndipo nilipokuwa nakura [sic] na watoto wangu na samani [sic] yake sijapewa."

Nikiisoma, sauti ya mzee siisikii tena. Naona kama mwalimu kasimama nyuma yake na fimbo. Yeye analilia shamba, mimi namsahihishia imla. Lakini nikiziondoa, msomaji atadhani mimi ndiye sijui kuandika. Nyinyi mnafanyaje?

#2 Nangurukuru
Nashusha nanga hapa. Ngoja wajuzi waje.

#3 Kalamu Nyekundu
Nimehariri gazeti miaka 19, baadaye vitabu. Alama hiyo inamwambia msomaji: nimeliona, si langu, limo hivyo kwenye asili. Inamlinda anayenukuu. Anayenukuliwa haimlindi hata kidogo, na nadhani hicho ndicho kinachokuuma.

Gazetini hatukuitumia kwenye barua za wasomaji. Mtu akiandika "akuna maji mtaani kwetu", tunachapa "hakuna". Alituma malalamiko ya maji, hakutuma mtihani wa tahajia. Wewe huna ruhusa hiyo, maana kwako barua ndiyo ushahidi wenyewe.

Jambo moja msilidharau: mabano yawe mraba. Ukiweka mabano ya kawaida ndani ya nukuu, msomaji ataamini ni ya mwenye barua. Mabano mraba ndiyo yanayosema hapa kaingia mtu mwingine.

#4 Chaki ya Zamani
Naongezea. SIC ni kifupi cha maneno matatu ya Kiingereza yenye maana "tahajia hii ni sahihi". Kwa hiyo inatakiwa herufi kubwa na nukta katikati. Ndivyo tulivyofundishwa chuoni.

#5 Dirisha la Pili
Hapana mwalimu wangu. Ni neno zima la Kilatini, maana yake "hivyo". Kwa kirefu huelezwa *sic erat scriptum*, yaani hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Kwa kuwa si kifupi, halina nukta. Hayo maneno matatu watu waliyabuni baadaye, na yanapotosha kabisa: neno linasema "ndivyo lilivyo", halisemi "ni sahihi".

#6 Chaki ya Zamani
Nimepokea. Nimewafundisha watoto vile miaka mingi. Jumatatu nitawaambia darasani.

#7 Mtoto wa Mloka
Shubaka, toa [sic] kwenye "ngwe" leo hii. Hilo si kosa! Ngwe ni kipande cha shamba kilichopimwa, mtu anapewa ngwe yake analima. Bibi yangu anahesabu kazi kwa ngwe mpaka leo: "nimemaliza ngwe mbili, imebaki moja." Mzee kaandika neno lake vizuri kabisa. Wewe ulidhani alitaka kusema nini?

#8 Shubaka
Nilidhani ng'ombe. Nikawa najiuliza ng'ombe wa mtoni ni yupi, nikasema labda nimesoma vibaya mwandiko. Kumbe neno lenyewe ndilo sina. Asante sana.

#9 Nangurukuru
Mtoto wa Mloka umeokoa shamba la mzee.

#10 Bin Mtangani
Hilo la ngwe ndilo donda letu watu wa pwani. Mimi ni wa Mombasa. Mkutano wa 1928, uliofanyika hapa hapa Mombasa, ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi nne. Tangu hapo "moya", "nti", "mato" na "ndoo hapa" (moja, nchi, macho na njoo hapa) zikawa makosa kwenye daftari la mtoto, ilhali ndiyo lugha ya mama yake. Nimeona makala ya kitaaluma imenukuu ubeti wa Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, na kuweka [sic] baada ya "nti". Mwenye ubeti, mshairi wetu Muyaka bin Haji, kafa 1840. Karibu miaka 90 kabla ya mkutano huo! Unamhukumuje mtu kwa sheria ambayo haikuwapo?

Kuna zaidi. Tenzi za zamani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo zilivyozoeleka kuandikwa hazitofautishi vizuri e na i, o na u, mara nyingi hata p na b. Anayezihamishia kwenye herufi za Kirumi ndiye anayechagua. Sasa akiona neno halikai vizuri akaliwekea "ndivyo ilivyoandikwa", ni nani aliyeandika?

#11 Kalamu Nyekundu
Bin Mtangani upo sahihi kuhusu lahaja. Hata mwongozo wa Chicago, ambao wahariri wengi wa vitabu vya Kiingereza wanaufuata, unakataza kuitumia kwa ajili tu ya kuonyesha tahajia isiyo ya kawaida. Wale wa APA (chama cha wanasaikolojia wa Marekani, nao wana mwongozo wao) wanasema iwekwe pale kosa linapoweza kumchanganya msomaji, na iandikwe kwa italiki ndani ya mabano mraba. Kuchanganya msomaji, basi. Hawasemi kila kosa.

#12 Wakili wa Bara
Naomba nitetee [sic], maana naona inachapwa viboko.

Soma hukumu za rufaa za Tanzania. Mfungwa anaandika sababu zake za rufaa mwenyewe au kwa msaada wa mwenzake gerezani, na kwa miaka mingi nyingi ziliandikwa kwa Kiingereza. (Kiswahili kimefanywa lugha ya mahakama kwa marekebisho ya sheria ya 2021.) Jaji akizinakili anaziacha neno kwa neno na kuweka (sic). Hamdhihaki mtu. Akirekebisha sentensi, anaweza kumtungia sababu ambayo hakuileta, au kumfutia aliyoileta.

Na hilo neno "samani" nalijua. Nilishika shauri la mirathi ambalo marehemu kaandika: "Binti yangu mkubwa apewe samani ya nyumba." Kaka zake wakasema hivyo ni viti, kabati na vitanda. Binti akasema baba alikuwa anatamka "thamani" hivyo maisha yake yote, kwa hiyo anadai bei ya nyumba ikiuzwa. Kilichotuumiza ni karani aliyechapa nakala. Kwa nia njema kabisa aliandika "thamani". Tukawa na karatasi mbili zinazosema vitu viwili, na miezi saba tukabishana juu ya karani badala ya juu ya marehemu. Angeacha "samani" na kuweka [sic], kila mtu angejua tangu siku ya kwanza kwamba neno ni la mzee.

#13 Shubaka
Wakili, kwa hiyo kwenye sentensi yangu niiache kwenye "samani"?

#14 Wakili wa Bara
Hapana, kwako sioni haja. Shamba halina kabati. Muktadha unatosha.

#15 Kalamu Nyekundu
Mimi naona haja. Msomaji wa Nairobi au Bujumbura hajui kwamba kuna watu wanaotamka th kama s. Atasimama pale akijiuliza. Ila badala ya [sic] weka maana yenyewe: "samani [thamani] yake sijapewa". Neno la mzee limebaki, msomaji kasaidiwa, na hakuna aliyeambiwa kakosea.

#16 Maalim Mkokoni
Assalaam alaykum. Mnazungumza kama jambo hili limeanzia kwa Walatini, na wanavyuoni wa hadithi za Mtume walilihangaikia karne nyingi.

Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria (1245), ameeleza alama mbili katika kitabu chake cha elimu ya hadithi. Neno likiwa sahihi lakini linaweza kutiliwa shaka, mwandishi huweka juu yake "sahha". Neno likiwa limepokewa hivyo kweli, lakini lina kasoro ya lafudhi au ya maana, huweka dhabba: mstari ulioanza kama kichwa cha herufi ya Kiarabu swadi, uliovutwa juu ya neno bila kuligusa, ili mtu asidhani limefutwa. Jina la dhabba amelifananisha na kipande cha chuma kinachozibia ufa wa chombo. Chombo ni kilekile, ufa unaonekana, na hakuna aliyekibadilisha.

Na walikhitilafiana kama nyinyi. Ibn Sirin alikuwa katika wale waliosema ipokee kama ulivyosikia, hata kosa la sarufi lipite nalo. Al-Awzai na Ibn al-Mubarak wakaona isomwe kwa usahihi. Kadhi Iyadh akasema masheikh wengi waliacha maandishi yalivyo na kuonya pembezoni, kwa sababu wako waliokuwa wepesi wa kusahihisha wakaharibu lililokuwa zima. Hao ndio akina ngwe na ng'ombe.

#17 Dirisha la Pili
Maalim, hii ya dhabba sikuwahi kuisikia. Sasa swali: kwa nini tunaazima Kilatini? Waarabu wanaohariri maandiko ya kale huandika "kadha" kwenye mabano, kwa maana hiyohiyo, "hivyo". Nasi neno tunalo: kadha wa kadha, kadhalika. Tungeandika [kadha].

#18 Chaki ya Zamani
Haitafaa. Kwetu "kadha" imeshakuwa "mambo fulani fulani", na "kadhaa" ni "baadhi". Mwanafunzi akiona "ngwe [kadha] yangu" atadhani ni ngwe nyingi. Mimi nawaandikisha [kama ilivyo]. Ndefu kidogo, lakini mtoto wa darasa la sita anaielewa bila kamusi.

#19 Bin Mtangani
[ndivyo]. Fupi, yaeleweka, yetu.

#20 Kalamu Nyekundu
[ndivyo] inasikika kama unamkubalia mwandishi. "Ndivyo!"

#21 MwanaKatanga
Jambo bote. Niko Lubumbashi. Huku mutu akisema "batu" na "bintu" (watu na vitu) anasema Kiswahili chake, na mwenye kuweka [sic] juu ya "batu" anatuwekea [sic] mji mzima.

Mfano mzuri ninao. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, kwa niaba ya waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani kwa Wazungu. Aliandika kwa Kiswahili chetu, na maneno ameyakata anavyoyasikia, hakuna tahajia ya shule. Johannes Fabian alipoyachapisha mwaka 1990, maandishi aliyaacha yalivyo. Kisha akamtafuta mwenyeji wa huku ayasome kwa sauti, usomaji huo nao ukaandikwa na kuwekwa pamoja na asili. Bila sauti, mutu wa nje hawezi kujua neno linaishia wapi. Kwa hiyo hakurekebisha na hakuhukumu. Alitafuta mwenye lugha asome. Kwa barua za wazee wa Rufiji ningefanya vile.

#22 Fundi Seva
Kwa wanaoweka maandiko kwenye kompyuta, jambo hili lina njia. Kwenye mfumo wa TEI, unaotumika sana kuhifadhi maandiko ya kale kidijitali, kuna tagi ya sic kwa neno la asili na tagi ya corr kwa sahihisho, na zote mbili zinafungwa ndani ya tagi ya choice. Asili inabaki, sahihisho linabaki, na msomaji anabonyeza kuona analolitaka. Huhitaji kuchagua.

#23 Wakili wa Bara
Tasnifu inachapwa na kujalidiwa, mkuu. Jalada gumu halibonyezwi.

#24 Binti Kisomo
Nimesoma uzi wote na nimejikuta nalia kidogo, nisameheni.

Baba yangu alijifunza kuandika akiwa na miaka 43. Serikali iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata kijijini kwetu kisomo kilifanyika chini ya mwembe, jioni, baada ya shamba. Barua yake ya kwanza kwangu nikiwa bweni ilianza hivi: "Mwanagu mpedwa". Nakumbuka wenzangu waliisoma wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ninayo hadi leo.

Miaka michache iliyopita nilihojiwa kwa ajili ya chapisho fulani kuhusu kisomo, nikawapa picha ya barua. Walipochapa wakaweka "Mwanagu [sic] mpedwa [sic]". Maneno mawili, alama mbili. Najua hawakuwa na nia mbaya. Lakini niliona ni kicheko cha bwenini kimechapwa kwa herufi nzuri. Herufi ile ya n iliyokosekana, mkulima wa miaka 43 aliipigania kwa mkono ulioshika jembe. Ingeachwa tu. Nani angedhani mchapishaji ndiye kakosea?

#25 Nangurukuru
Pole dada. Mungu amrehemu mzee kama hayupo.

#26 Kalamu Nyekundu
Binti Kisomo, hapo nakubaliana nawe moja kwa moja. Shubaka, kwa barua kama hizi weka tanbihi moja mwanzoni mwa sura: "Nukuu zote zimeachwa kama zilivyoandikwa na wenyewe." Basi. Zile 14 zinaondoka.

Halafu linda hizo nukuu kwa mpiga chapa. Kitabu kimoja nilichohariri kilikuwa na "walikwenda kupiga kula [sic]". Msoma prufu mwenye bidii akabadilisha "kula" kuwa "kura", ila [sic] akaiacha. Kikatoka hivyo: "walikwenda kupiga kura [sic]". Msomaji akatuandikia kuuliza kama mwandishi anamaanisha uchaguzi ulikuwa wa uongo. Kwa mwaka ule lilikuwa swali la hatari.

#27 Wakili wa Bara
Ndiyo maana tanbihi moja haitoshi. Ukisema "zote zimeachwa kama zilivyo", makosa yako ya kuchapa nayo yanajificha humo, yanahesabiwa kwa mzee. Mwenye barua hayupo kujitetea. [sic] ni ahadi kwamba hapa, neno hili, nimerudi kwenye asili nikalitazama mara ya pili. Tanbihi ni ahadi ya jumla, na za jumla ni rahisi kutoa.

#28 Dirisha la Pili
Tukitoka nje kidogo: Katiba ya Marekani ya 1787 ina "Pensylvania" kwa n moja pale wanapotia saini wajumbe wake. Kosa kwenye hati kuu ya nchi, na hakuna anayeiwekea [sic].

#29 Bin Mtangani
Dirisha, leo ni zamu yako kusahihishwa. Wakati ule si kosa. Tahajia zote mbili zilitumika. Kengele yao mashuhuri ya Philadelphia imeandikwa vilevile, n moja. Ni "nti" na "nchi" za kwao.

#30 Dirisha la Pili
Nimekubali, ndugu yangu. Ngoja nikupe nyingine: Neil Armstrong, 1969, alipokanyaga mwezi. Mwenyewe alisema alikusudia "hatua ndogo kwa mtu mmoja", lakini kwenye sauti kile kineno kidogo cha Kiingereza, "a", hakisikiki. Kwa hiyo wengi hukiandika ndani ya mabano mraba. Hapo mabano yamemwongezea msemaji alichokusudia, hayakumkosoa. Nimeona ni sawa na ushauri wa "samani [thamani]".

#31 Sikudhani wa Tatu
Na majina je? Bibi yangu ni Sikudhani, jina limetoka kwenye kisa cha kuzaliwa kwake. Karani aliyemwandikisha akaandika "Sikuzani", na hati zake zote hadi kifo ziko hivyo. Nikinukuu hati naandika "Sikuzani". Nikimtaja mwenyewe naandika Sikudhani. Mhariri mmoja akaniambia nichague moja. Nimekataa. Moja ni jina lake na nyingine ni ya ofisi.

#32 Kijana wa Bodaboda
Na meseji? Mtu akiandika "xaxa cjui 2taonana lini", utaweka [sic] ngapi? Si kosa, anajua kuandika "sasa sijui", kaamua. Nadhani kosa ni lile ambalo mwenyewe akionyeshwa angelibadilisha.

#33 Maalim Mkokoni
Kipimo kizuri hicho, kijana. Ila aliyekufa hatuwezi kumwonyesha.

#34 MwanaKatanga
Na aliye hai akikataa kubadilisha? Mimi "batu" sibadilishi.

#35 Shubaka
Wakuu, nimerudi baada ya wiki. Maneno ya Wakili ya kurudi kwenye asili yalinisumbua, nikazifungua tena picha za barua na kukagua zile 14 moja moja.

Tatu ni zangu. Nilichapa vibaya, mzee aliandika sawasawa. Msimamizi aliona kosa, akaniamuru niweke [sic], nami nikaweka bila kutazama. Yaani nilikuwa nimemwandikia mzee kosa langu na kumwekea muhuri.

Mbili ni msamiati: ngwe, na "mlau", ambalo nililisoma kama kosa la "mlango". Niliulizia, kumbe ni kilimo cha kupanda kwenye unyevu maji ya mafuriko yakishapungua. Barua nzima inahusu hilo, na nilikuwa nimeielewa kama barua ya mlango wa ghala.

Zilizobaki tisa nyingi ni r na l. Nimempelekea msimamizi pendekezo la tanbihi moja, pamoja na mabano ya maana pale panapotatiza. Tanbihi kaikubali. Kwenye "samani" bado anataka [sic] yake, tena kwa italiki. Tutaonana Alhamisi.

#36 Kalamu Nyekundu
Mwonyeshe zile tatu kwanza.

#37 Wakili wa Bara
Na umwambie ni [sic] ndiyo iliyokufanya uzione.

#38 Binti Kisomo
Hapana, Wakili. Ni barua ndiyo iliyomfanya azione.

#39 Shubaka
Kuna neno moja bado silisomi, barua ya 22, mstari wa tisa. Linaanza na "ki", katikati wino umemwagika. Mtoto wa Mloka, bado upo?

#40 Mtoto wa Mloka
Nipo. Tuma picha, na mstari wa juu na wa chini pia. Bibi yuko hapa barazani, nitamsomea.